Orpah Nyarangi, Karani Aliyenakili Kitabu cha Chuki

Wasikilizaji wapendwa, mliofungulia redio Kosele, Mbita, Migori mjini na hadi huko Isebania, karibuni. Mchana huu tunamkumbuka mama mmoja. Jina lake ni Orpah Nyarangi. Narudia: Orpah Nyarangi, karani wa kupiga chapa, wa Homa Bay. Alifariki Jumatano iliyopita akiwa na umri wa miaka hamsini na miwili. Atazikwa kesho kutwa, Jumanne, nyumbani kwake Kosele.

Kwa kawaida kumbukumbu hizi huwa nawasomea kwa sauti ya upole. Leo mtanivumilia. Nimekaa na binti yake siku mbili, nimeshika madaftari yake kwa mikono yangu, na nimekasirika. Sioni sababu ya kuwaficha.

Orpah alizaliwa Migori mwaka wa 1947. Baba yake alishuka kutoka milima ya Kisii kutafuta shamba, akapata la kukodi, akapanda mahindi na ndizi. Watoto walikuwa wanane, na Orpah alikuwa wa pili. Alipomaliza shule, mchungaji wa Kiadventista alimtafutia nafasi katika chuo kidogo cha makarani kule Kisumu. Huko alijifunza mambo mawili. La kwanza, kupiga taipureta bila kuangalia vidole. La pili, hati mkato, yale maandishi ya mikunjo na vistari ambayo karani huandika haraka kama mtu anavyosema, na ambayo asiyefundishwa hawezi kuyasoma hata kidogo.

Likumbukeni hilo la hati mkato, wasikilizaji. Bila hilo, leo nisingekuwa na la kuwaambia.

Aliajiriwa, akaolewa na fundi seremala, Onchiri, wakahamia Homa Bay na kujenga kule Kosele. Wakapata mtoto mmoja, Dolphine. Onchiri alifariki mwaka wa 1991. Miaka miwili baadaye makarani wengi walipunguzwa kazini, na Orpah akiwa mmoja wao. Alirudi nyumbani na taipureta yake kuukuu na kabati moja la mbao.

Hapo ndipo Abdullah alipomwita. Abdullah ni mfanyabiashara wa nguo mjini Homa Bay, mtu wa Pwani, wengi wenu mnamfahamu. Alimwambia, "Mama Dolphine, baraza langu lina kivuli. Weka meza yako hapo." Mama Orpah akaweka meza. Akawa anaandika barua za kuomba kazi, hati za mashamba, mialiko ya harusi. Shamima, mke wa Abdullah, alikuwa akimletea chai ya tangawizi saa nne. Shamima aliniambia, "Alikuwa akipiga chapa huku anasoma kwa midomo. Barua ikiwa na uwongo, anaisukuma pembeni. Anamwambia mteja, rudi nyumbani ukafikirie tena."

Sasa sikilizeni vizuri.

Mnamo Januari 1996, mzungu mmoja alisimama mbele ya meza ile. Alikuwa mzee wa miaka sitini na kitu, kaptura nyeupe, soksi ndefu. Tulikuwa tunamwita Mista Bernard. Alikuwa akiishi kisiwani Takawiri, katika nyumba ya mawe aliyoikodi mwaka mmoja kabla. Alisema ni Mwingereza, mjenzi wa makanisa aliyestaafu, amekuja ziwani kuvua mbuta na kupumzika.

Na tulimpenda. Lazima niseme hivyo. Aliwapa watoto peremende. Aliwanunulia wagonjwa wa kisiwani boti ya injini ya kuwavusha hadi Mbita. Aliezeka kanisa moja kwa mabati mapya. Mimi mwenyewe, katika redio hii hii, nilimtaja hewani kama mfano wa kuigwa. Nilisema, "Laiti wageni wote wangekuwa kama huyu." Maneno hayo yalitoka katika kinywa hiki.

Mista Bernard alitaka mpiga chapa. Alikuwa ameandika kitabu kwa mkono, kwa Kiingereza, kurasa nyingi, na alitaka kipigwe chapa vizuri. Orpah angekaa kisiwani Jumatatu hadi Alhamisi, alale kwa mama mmoja mjane wa jirani, na Ijumaa arudi nyumbani kabla ya Sabato. Malipo yalikuwa mazuri. Dolphine alikuwa chuoni, akirudi nyumbani kila Ijumaa. Orpah akakubali.

Masharti yalikuwa ya ajabu. Asitumie karatasi ya kaboni hata moja. Kila asubuhi mzungu alihesabu karatasi nyeupe na kumkabidhi, na kila jioni alizihesabu tena, zilizopigwa na zilizoharibika. Utepe wa wino ulipoisha aliubadilisha mwenyewe, na ule wa zamani aliuchoma moto. Asubuhi alipokwenda kuvua, alifunga mlango kwa nje. Alimwachia mlinzi, Onsongo, amri moja: mashine isinyamaze. Ikinyamaza kwa muda mrefu, aingie aangalie.

Orpah alidhani ni mzee mwenye wasiwasi tu. Akaketi. Akafungua ukurasa wa kwanza.

Wasikilizaji wapendwa, kitabu kile hakikuwa cha ujenzi wa makanisa. Kilikuwa historia. Historia ya kundi la wazungu wa Afrika Kusini lililojiita Ndugu wa Ukuta. Na mwandishi wake hakuwa Mwingereza, wala hakuitwa Bernard. Jina lake lilikuwa Barend Steyler. Narudia: Barend Steyler. Alikuwa katibu wa kundi hilo tangu siku ya kwanza.

Nitawasimulia kilichokuwa humo kama Orpah alivyokinakili. Siongezi neno.

Kundi lilianza mwaka wa 1973, katika chumba cha nyuma cha duka la nyama, katika mji mdogo wa wakulima. Walikuwa wanaume tisa. Waliweka Biblia juu ya bunduki, wakaweka mikono juu ya Biblia, wakaapa kwamba Mungu amemuumba mweupe atawale na mweusi atumikie, na kwamba kati yao lazima uwepo ukuta. Kisha wakala nyama. Steyler aliandika hata aina ya nyama waliyokula.

Mwaka wa kwanza walisambaza vikaratasi. Mwaka wa pili walichoma kibanda cha mjane aliyekuwa akiuza mboga kando ya barabara waliyoiona ni yao. Hakuna aliyewauliza, kwa hiyo wakachoma nyumba. Hakuna aliyewauliza, wakachoma shule. Kufikia mwaka wa tano walikuwa mia nne. Walikuwa na kambi ambako vijana wao walifundishwa kulenga shabaha, na shabaha ilikuwa picha ya mtu mweusi. Walikuwa na mwalimu wa dini, daktari, na mwanasheria wa kuwatoa wakikamatwa. Wake zao walioka keki za kuchangisha fedha. Keki, wasikilizaji! Mtu anakanda unga jikoni, anaweka sukari, ili mumewe anunue petroli ya kumchomea mwenzake nyumba.

Orpah alipiga chapa hayo yote. Dolphine ananiambia, "Ijumaa Mama alikuwa anarudi na hasira mpaka sufuria zinalia. Nikiuliza, ananiambia, wacha tu. Halafu wiki moja akaacha kula. Nikamshika mkono, nikamwambia, Mama, sema."

Wiki hiyo Orpah alikuwa amefika sura ya tisa.

Sura ya tisa ilihusu mwaka wa 1986. Katika shamba la kaka yake Steyler kulikuwa na dereva wa trekta, kijana wa miaka ishirini na sita. Jina lake lilikuwa Elias Mokgadi. Shikeni jina hilo: Elias Mokgadi. Jumapili, Elias alikuwa akiwakusanya vibarua wenzake chini ya banda la trekta na kuwafundisha kusoma. Hakuwa na silaha wala chama. Alikuwa na chaki na mlango wa zamani aliougeuza ubao.

Ndugu wa Ukuta walimchukua, watu wanne. Steyler aliwataja wote kwa majina, naye akiwa wa nne. Walimuua kwa vyuma vya trekta. Walimzika nyuma ya josho la ng'ombe, wakamwaga zege juu. Kesho yake walimwambia mama yake kwamba Elias ametoroka na mwanamke, amekwenda migodini, na amesema hataki kumwona tena.

Steyler aliandika hayo bila aibu, kama mtu anayeandika idadi ya ndama. Na alimaliza kwa sentensi moja: "Alikuwa mwerevu kuliko ilivyomfaa."

Hapo mashine ikanyamaza.

Onsongo, yule mlinzi, alisubiri nje. Kimya. Akafungua mlango. Alimkuta Orpah amesimama katikati ya chumba, amekunja ngumi, machozi yanamtiririka, na si machozi ya huzuni.

"Mama, mashine imenyamaza," Onsongo akasema. "Mzungu alisema ikinyamaza nikuje niangalie."

"Onsongo, wewe unajua huyu mtu ni nani?"

"Ni Mista Bernard."

"Kaa chini nikusomee."

Akamtafsiria ukurasa mzima, polepole. Onsongo ni mtu wa miaka hamsini, amewahi kuwa kibarua kwenye mashamba ya wazungu akiwa kijana. Aliniambia alisikia masikio yakipiga kelele. Kisha Orpah akamwambia anachotaka kufanya. Kila asubuhi, mzungu akiwa ziwani, ataacha kupiga chapa kwa muda, ataandika yale ya maana katika daftari kwa hati mkato. Majina. Tarehe. Mahali. Maneno yenyewe pale yanapostahili.

"Na akikuuliza kama mashine ilinyamaza?"

Onsongo akainuka, akashika kitasa cha mlango. "Nitamwambia ililia mpaka ikanisumbua," akasema. "Andika, Mama. Andika yote."

Kwa miezi mitano Orpah Nyarangi aliishi na kitabu kile. Daftari lilikaa ndani ya jalada la zipu la kitabu chake cha nyimbo. Siku moja Steyler alirudi mapema, akalikuta mezani. Akalifungua. Akaona mikunjo na vistari.

"Hiki ni nini?"

"Nyimbo za kwaya, sir. Noti."

Akacheka. "Mnaandika kama kuku wanavyochakura," akasema, akalitupa mezani.

Orpah alicheka pamoja naye. Alimwambia Dolphine kwamba kicheko kile ndicho kitu kichungu zaidi alichowahi kuweka mdomoni.

Bado kulikuwa na sura ya mwisho. Steyler alieleza humo jinsi wenzake walivyotawanyika uchaguzi wa 1994 ulipokaribia, na jinsi yeye alivyopita nchi tatu kwa pasipoti ya mtu mwingine mpaka akafika ziwani kwetu. Alituandika sisi pia. Aliandika kwamba mtu mweusi wa huku ni rahisi kufuga, mpe bati moja atakupigia makofi. Na katika ukurasa wa mwisho kabisa aliandika: "Nina mwanamke anayenipigia chapa. Ana vidole vyepesi. Akili hana, na ndiyo sababu nimemchagua."

Fikirieni, wasikilizaji. Aliweka karatasi hiyo mbele ya mwanamke huyo huyo. Na Orpah aliipiga chapa sentensi hiyo kuhusu nafsi yake, neno kwa neno, bila kosa hata moja. Kisha akafunga mashine, akapokea malipo yake ya mwisho, akasema ahsante, akapanda boti.

Ilikuwa Agosti 1996. Jumamosi ya kwanza baada ya hapo alikwenda kwa mzee wa kanisa lake, Mzee Javan. Kanisa ndilo lile lililoezekwa mabati. Akamweleza.

Mzee Javan amekubali nimtaje, na amekubali niseme alichojibu. Alijibu hivi: "Dada Orpah, wewe unasoma hiyo maneno ya nini? Wewe ni kupiga chapa, chukua chako, enda nyumbani. Huyo mzee ametusaidia. Hayo ya kwao yalikuwa ya kwao."

"Ya kwao?" Orpah akasema. "Mzee, damu ya Elias imegeuka bati juu ya kichwa chako, na wewe unaniambia ya kwao?"

Akaondoka. Akarudi barazani kwa Abdullah. Kwa wiki tatu, kila Jumapili na kila alasiri, aliyafungua madaftari na kuyapiga chapa upya. Zikawa kurasa sitini na moja. Redio ilikuwa imetangaza kwamba huko Afrika Kusini kuna tume inayosikiliza habari za mauaji ya miaka ile. Shamima alikuwa na safari ya Nairobi. Alibeba nakala moja chini ya vitambaa vya kitenge, akaifikisha katika ubalozi wa nchi ile kwa mkono wake mwenyewe.

Lakini Orpah aliogopa kwamba wakati barua zinatembea, Steyler atahama. Kwa hiyo alipeleka nakala ya pili katika ofisi moja ya serikali mjini. Ofisa mmoja alisoma kurasa mbili. Akasema, "Acha hapa. Tutashughulikia."

Walishughulikia. Siku nne baadaye nakala ile ilikuwa mikononi mwa Barend Steyler. Jina la ofisa silijui. Ningelijua, ningelisoma.

Tarehe kumi na nne Oktoba 1996, siku ya Jumatatu, saa tano mchana. Barabara imejaa. Steyler alisimamisha gari mbele ya duka la Abdullah, akashuka na zile kurasa mkononi. Abdullah alikuwa ndani akimpimia mteja kitambaa. Shamima alikuwa mlangoni. Yeye ndiye aliyenisimulia.

Steyler hakupaza sauti. Aliweka kurasa mezani. "Ulikuwa unapiga chapa tu," akasema kwa Kiingereza. "Hukupaswa kuelewa."

Orpah hakusimama. "Nilielewa kila neno," akamjibu kwa Kiingereza kizuri cha Kisumu. "Nilielewa hata ulipokosea tahajia. Nilikusahihishia."

Steyler aliinyanyua taipureta. Ile ya chuma, nzito. Mikono ya Orpah ilikuwa juu ya meza. Aliishusha juu ya mikono ile. Akainyanyua tena. Akaishusha tena.

Na sisi tulikuwa wapi? Kulikuwa na watu saba kwenye baraza na pembeni mwa barabara, watu wazima, wanaume watano. Shamima aliwahesabu. Hakuna aliyemshika. Mmoja alisema, "Si ni Mista Bernard?" Mwingine alisema pengine mama ameiba. Ni Abdullah aliyetoka mbio na mkasi wa kukatia nguo mkononi, mtu wa miaka sitini na kikohozi, ndipo mzungu akaachia mashine, akaingia garini, akaondoka taratibu. Taratibu! Wala hakuongeza mwendo.

Jioni hiyo alikuwa Isebania. Kijana mmoja wa kubadilisha fedha pale mpakani, Mniko, alimhudumia. Mniko aliniambia, "Nilimwona ametulia sana. Alikuwa anapiga mluzi." Kizuizi kiliinuliwa. Akavuka upande wa Sirare, Tanzania. Tangu siku hiyo hadi leo, Barend Steyler hajaonekana.

Orpah alikaa hospitali wiki tano. Vidole vitatu vya mkono wa kulia viliunga vikiwa vimepinda. Hakuna aliyeshtakiwa kwa vidole hivyo. Alipotoka, baadhi ya watu wa kisiwani walimlaumu kwa kumfukuza mfadhili. Boti ya wagonjwa iliharibika injini, wakasema ni kosa la Orpah.

Wasikilizaji wapendwa, mngeweza kudhani hapo ndipo pa kukata tamaa. Lakini mnamo Februari 1997 simu ililia dukani kwa Abdullah. Ilikuwa inatoka mbali. Sauti ya mwanamke iliuliza, "Je, ninaweza kusema na karani aliyenakili kurasa sitini na moja?"

Watu wa ile tume walikuwa wamezisoma. Walikuwa wamekwenda kwenye lile shamba. Walivunja zege nyuma ya josho, pale pale Orpah alipoandika. Walimkuta. Mifupa, mkanda wa suruali, kiatu kimoja.

Kati ya wale wanne, mmoja alikuwa ameshakufa kitandani mwake, mzee, amezungukwa na wajukuu. Mmoja alikanusha, na ushahidi dhidi yake haukutosha. Mmoja alishtakiwa kwa mauaji, kurasa za Orpah zikasomwa mahakamani, akafungwa. Wa nne ni Steyler. Na kundi lenyewe? Lilibadilisha jina. Bado linachapisha vikaratasi, bado wake zao wanaoka keki. Mtu asiwadanganye kwamba mambo haya yalikwisha siku fulani watu walipopiga kura.

Desemba ya mwaka huo wa 1997 barua ilifika, imepigwa chapa na mchungaji kwa niaba ya mama asiyejua kuandika. Mama huyo ni Josefina Mokgadi, mama mzazi wa Elias. Dolphine ameniruhusu niisome. Ni fupi.

"Kwa mama niliyeambiwa anaitwa Orpah. Kwa miaka kumi na moja niliamini mwanangu ameniacha. Nilimlaani. Nilikataza jina lake litajwe ndani ya nyumba yangu. Dada zake walikuwa wakilitaja uani, kwa kunong'ona, na nikiwasikia nawachapa. Wale watu walimuua mara moja, na mimi wakanifanya nimuue kila siku. Sasa tumemzika. Nimemwomba msamaha kaburini. Nimesikia walivunja mikono yako. Kama ningekuwa karibu ningekufulia nguo mpaka ipone."

Nilipoisoma mara ya kwanza nilitoka nje ya studio.

Orpah alikwenda nayo kanisani Sabato iliyofuata. Aliomba dakika tano, akaisoma mbele ya watu wote, chini ya yale mabati. Mzee Javan akasimama, akasema Dada Orpah sasa amsamehe yule mzee, ili roho yake ipate amani.

Orpah akamtazama. "Aliyeuawa ni Elias, Mzee. Mwenye ruhusa ya kusamehe ni yeye, nenda ukamuulize. Na roho yangu ina amani. Ina amani na ina hasira, na vyote viwili vinakaa vizuri."

Akakunja barua, akaketi.

Huyo ndiye Orpah Nyarangi. Mpaka Jumanne iliyopita alikuwa barazani kwa Abdullah, akipiga chapa kwa mkono wa kushoto na vidole viwili vya mkono wa kulia. Aliwafundisha wasichana sita hati mkato, bila malipo. Somo lake la kwanza halikuwa la vidole. Alikuwa akiwaambia, "Soma unachopiga. Usikubali mtu akugeuze chombo cha maneno yake." Wawili kati yao wanaandika kesi mahakamani leo.

Shinikizo la damu lilimwangusha Jumanne hiyo akiwa mezani. Shamima alimshika. Alfajiri ya Jumatano alikuwa ameondoka. Dolphine alikuwa naye. Nilimuuliza kama mama yake alisema neno. Akasema, "Aliuliza kama yule mtu amepatikana. Nikamwambia bado. Akakunja uso kabisa, kama mtu ameletewa barua ya uwongo. Akalala hivyo."

Kwako Dolphine, kwa mzee Abdullah na Bi Shamima, kwa Onsongo ambaye ninajua ananisikiliza kule Takawiri, kwa wasichana sita na jamaa wote wa Migori na Kisii: poleni. Poleni sana. Na kwa Mama Josefina Mokgadi, ambaye hasikii lugha hii, nitaomba mtu amfikishie: dada yako amelala.

Kwenu nyote mnaonisikiliza, nawaachia kazi moja. Fikirini tulivyonunuliwa. Fikirini ilivyokuwa rahisi. Hatukumuuliza mgeni ametoka wapi kwa sababu mkono wake haukuja mtupu, na mama wa kwetu aliyejua kusoma tulimwambia anyamaze. Mimi nilimsifu muuaji kwa sauti hii, na leo ninawaomba radhi.

Mazishi ni Jumanne, Kosele, saa nne asubuhi. Njooni kwa wingi. Na ninyi watu saba wa barazani, siku ile ya Oktoba, mnajijua. Nanyi njooni, hakuna atakayewafukuza. Ila viti vya mbele ni vya waliotoka mbio kumwokoa. Ninyi mtasimama nyuma, na mtakapoombwa kubeba jeneza, mtabeba.